Njia ya Juu ya Milima ya Alpi

Asubuhi isiyo na mawingu, mtoto wa Mutwanga, karibu na Beni, akitazama juu ya misitu huona vilele vyeupe vya Ruwenzori. Weupe ule si mawe, wala si ukungu. Ni theluji na barafu. Kilele kinachopita vyote, Margherita, kina urefu wa mita 5109. Katika milima ya Alpi, huko Ulaya, hakuna kilele kinachofika hapo. Mont Blanc, mkubwa wao, unapita mita 4800 kidogo tu. Lakini Ruwenzori ina theluji pale juu peke yake, nayo hupungua mwaka kwa mwaka, na milima ya Alpi wakati wa baridi huwa myeupe toka kilele hata bondeni, pamoja na mashamba na paa za nyumba.

Sababu yake ni jua. Ruwenzori iko karibu na mstari wa ikweta, na huko jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vya watu mwaka mzima. Milima ya Alpi iko mbali na mstari huo, upande wa kaskazini. Miezi ya Desemba, Januari na Februari jua la huko huwa chini, siku ni fupi, na mvua haianguki maji, bali huanguka theluji.

Basi, aliyekwisha kuona vilele vile kwa mbali anaweza kuuliza: je, mtu anaweza kusafiri siku nyingi juu ya weupe kama ule, toka mlima hata mlima? Katika milima ya Alpi watu husafiri hivyo. Njia yao yenye sifa kupita zote huanza Chamonix, mji wa Ufaransa chini ya Mont Blanc, na huishia Zermatt, mji wa Uswisi chini ya mlima Matterhorn. Wafaransa huiita Haute Route, maana yake Njia ya Juu. Urefu wake ni karibu kilomita 120, nayo huchukua siku sita au saba. Lakini usifikiri ni barabara. Hakuna mtu aliyeichimba, wala hakuna alama zake zinazokaa. Njia hiyo ni theluji yenyewe.

Mtu akitembea kwa miguu katika theluji mpya huzama hata magotini, pengine hata kiunoni. Baada ya saa moja amechoka kabisa, na akigeuka nyuma huona amepita mahali padogo tu. Kwa sababu hiyo msafiri huvaa ski. Ski ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa mbele kama pua ya mtumbwi. Urefu wake unakaribia urefu wa mtu. Anayetaka kuvuka tope huweka ubao juu yake, kwani ubao hugawanya uzito mahali pengi na tope halimmezi. Ski hufanya kazi hiyo hiyo juu ya theluji. Tena, chini ni laini, na mwenye kuzivaa huteremka mlima kwa kuteleza, mbio kupita mtu anayekimbia.

Kuteremka si ajabu. Ajabu ni kupanda. Mbao zinazoteleza mbele huteleza na nyuma pia, na mtu angerudi chini kila hatua. Dawa yake ni ngozi. Mpapase mbuzi kuelekea mkiani: mkono unapita bila shida. Mpapase kuelekea kichwani: manyoya yanasimama na kuuzuia mkono. Zamani wasafiri walifunga chini ya ski ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi, manyoya yakielekea nyuma. Ski ikisukumwa mbele, iliteleza. Ikitaka kurudi, manyoya yalishika theluji. Siku hizi ngozi hizo hufumwa kwa nyuzi, lakini zinafanya kazi namna ile ile. Kiatu nacho kimefungwa kwa ncha ya vidole tu wakati wa kupanda, ili kisigino kiinuke kila hatua. Msafiri akifika juu, hubandua ngozi, huzikunja na kuzitia mfukoni, hufunga na kisigino, halafu huteremka.

Watu wa Norwe na nchi za jirani walijua ski tangu maelfu ya miaka. Watu wa Alpi walichelewa. Ski zilienea kwao mwisho wa karne ya 19. Njia ya Juu yenyewe ilikuwa imekwisha kupitwa miaka ya 1860 na wapanda milima Waingereza pamoja na viongozi wa nchi, lakini kwa miguu, tena wakati wa kiangazi. Mwaka 1903, mwezi wa Januari, Michel Payot aliijaribu kwa ski pamoja na viongozi watatu. Huyu Payot alikuwa daktari wa Chamonix, naye alizoea kuvaa ski ili awafikie wagonjwa wake theluji ilipofunga njia. Miaka minane baadaye, Januari 1911, François Roget na Marcel Kurz walitoka Bourg-Saint-Pierre wakafika hata Zermatt pamoja na viongozi wao.

Siku hizi watu huchagua zaidi mwisho wa Machi na mwezi wa Aprili. Baridi kali imepungua, siku zimekuwa ndefu, na theluji ya miezi mingi imejaa na kushikamana.

Mwanzoni msafiri hukutana na mto wa barafu wa Argentière. Jina hilo, mto wa barafu, linahitaji kuelezwa. Juu sana milimani theluji ya mwaka mmoja haiyeyuki yote. Ya mwaka wa pili huanguka juu yake, na ya tatu juu ya hiyo. Iliyo chini hugandamizwa na uzito, hewa hutoka, na mwisho inakuwa barafu ngumu yenye rangi ya samawi. Ikifika unene wa makumi ya mita, haiwezi tena kukaa imara. Huanza kushuka bondeni polepole sana. Macho hayaioni ikienda. Lakini ukiacha jiwe kubwa juu yake leo, mwakani utalikuta limehamia chini.

Maji ya mto yakipita kwenye mawe au kwenye kona, hugeuka kwa urahisi. Barafu haiwezi. Ikipita mahali palipoinama sana, hupasuka. Nyufa zake nyingine zina kina cha mita thelathini na zaidi, na kuta zake ni laini kama chupa. Wakati wa kiangazi kila mtu huziona, naye huzunguka. Wakati wa baridi upepo huleta theluji na kujenga daraja juu ya ufa, toka ukingo hata ukingo. Daraja hilo ni jeupe kama theluji nyingine yote. Pengine linachukua watu kumi wakipita mmoja mmoja. Pengine halichukui hata mmoja.

Kwa hiyo wasafiri wakiwa juu ya mto wa barafu hufungana kwa kamba moja, mmoja nyuma ya mwenzake, wakiacha nafasi ya mita kumi hivi. Kamba haitakiwi kulegea. Wa kwanza akitumbukia, wengine hujitupa chini pale pale na kuushika mlima kwa ski, kwa shoka la barafu na kwa mwili wote. Halafu humvuta juu, kazi ambayo huchukua muda mrefu. Anayetembea peke yake hana wa kumvuta.

Kutoka Argentière msafiri hupanda hata Col du Chardonnet, mita 3323. Col ni mlango wa mlima, pahali pa chini kidogo kati ya vilele viwili. Ng'ambo ya pili mteremko ni mkali, na mara nyingi viongozi huwashusha watu wao kwa kamba. Usiku wa pili au wa tatu hulala katika nyumba ya Trient, juu ya mita 3000. Nyumba hizi za milimani zimejengwa kwa mawe na mbao mahali pasipo na barabara. Chakula na kuni huletwa kwa helikopta. Watu hulala wakibanana juu ya vitanda virefu. Kila mmoja huandika katika daftari jina lake na mahali anapokwenda kesho. Daftari hilo si adabu tu. Asipofika huko, watu watajua upande wa kumtafuta.

Halafu njia hushuka mabondeni, hata Bourg-Saint-Pierre. Kijiji hiki kiko chini ya mlango wa zamani sana, Grand-Saint-Bernard, ambao tangu kale ulipitwa na askari, wafanya biashara na mahujaji waendao Roma. Karibu na mwaka 1050 Mtakatifu Bernardo, shemasi mkuu wa Aosta, alijenga nyumba pale juu, mita 2469, kwa ajili ya wasafiri, kwani wengi walikufa kwa baridi au kwa mikono ya wanyang'anyi. Mapadri wake wako pale hata leo. Kwa karne nyingi walitoka katika tufani kuwatafuta waliopotea, wakiongozwa na mbwa wakubwa wenye pua kali. Mbwa mmoja, jina lake Barry, alisifiwa katika Ulaya nzima. Alikufa mwaka 1814, na ngozi yake iliyojazwa imewekwa katika makumbusho ya Bern. Tangu mwaka 1964 magari hupita ndani ya mlima kwa njia ya chini ya ardhi, na mbwa hawatumwi tena kutafuta watu. Lakini wakati wa baridi barabara ya juu hufungwa na theluji, na mgeni anayetaka kulala kwa mapadri huja kwa ski au kwa viatu vya theluji. Papa Pio XI, ambaye zamani alipokuwa padri alipanda milima hiyo mwenyewe, mwaka 1923 alimtangaza Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Kutoka Bourg-Saint-Pierre wasafiri hupanda hata nyumba ya Valsorey. Hapo ndipo wanapojifunza vema kanuni kubwa ya safari: usiku hutengeneza njia, na jua huiharibu.

Saa tisa au saa kumi ya usiku mwangalizi wa nyumba huwaamsha. Hakuna anayependa kuamka. Nje ni giza na baridi kali, na kila mtu huwasha taa kichwani mwake. Kwa nini wasingoje mapambazuko? Kwa sababu usiku maji yaliyo katika theluji huganda, na theluji yote hushikamana kama saruji. Madaraja juu ya nyufa huwa magumu. Jua likipanda, theluji hulainika. Adhuhuri huwa kama uji, na mteremko uliokuwa salama alfajiri unaweza kuanguka wote pamoja. Watu wa Kivu wanajua namna kilima kinavyoporomoka baada ya mvua nyingi. Theluji huporomoka vivyo hivyo, tena kwa wepesi zaidi.

Pengine haingoji hata jua. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Tabaka moja likiwa dhaifu, la juu linakaa juu yake bila kushikamana nalo. Mlima unaonekana mtulivu. Kisha mtu mmoja anapita na ski zake, uzito wake unakata ule mkeka wa juu, na mteremko wote huondoka naye chini. Mahali pa hatari ni pale palipoinama kama paa kali la nyumba; palipoinama kidogo theluji haiendi, na palipo wima haikai. Kiongozi mwenye akili huupima mteremko kabla ya kuukanyaga, huwapitisha watu mmoja mmoja, na akiona mashaka huwarudisha. Kila msafiri huvaa kifuani chombo kidogo cha redio kinachotoa alama. Akizikwa, wenzake husikia alama hiyo kwa vyombo vyao, humtafuta kwa fimbo ndefu na kumchimbua kwa majembe waliyobeba. Hawana muda wa kwenda kuita watu. Aliyezikwa akitolewa katika dakika kumi na tano, mara nyingi yuko hai. Ikipita nusu saa, wengi wamekwisha kukosa hewa.

Mteremko wa juu ya Valsorey ni mkali hata watu huvua ski, huzifunga mgongoni, na kuvaa chini ya viatu meno ya chuma. Hupanda hatua kwa hatua gizani, bila maneno mengi. Jua likitoka wamekwisha kufika juu, na kazi ya hatari iko nyuma yao.

Siku zinazofuata ni za raha zaidi. Wasafiri hulala Chanrion, kisha hupanda mto wa barafu wa Otemma, mrefu na wa taratibu. Hapo adui ni jua kwa namna nyingine: mwanga hutoka juu na hutoka chini pia, kwani theluji huurudisha kama kioo. Asiyevaa miwani myeusi, jioni macho yake huwaka kama yametiwa mchanga, na pengine haoni kitu siku nzima.

Mwisho wa Otemma iko nyumba ya Vignettes, juu ya ukingo wa mwamba, mita 3160. Tarehe 29 Aprili 2018 watu kumi na wanne walikuwa juu ya milima ya hapo karibu, wakielekea nyumba hiyo. Tufani iliwakuta njiani. Upepo ulitupa theluji angani, na mbingu na nchi vikawa weupe mmoja. Hawakuona mbele wala nyuma. Walipotea, wakalala nje. Wenye kuwaokoa walifika asubuhi kwa helikopta, lakini saba walikufa, na mmoja wao alikuwa kiongozi wao. Mahali walipolala ni mita mia chache tu kutoka mlango wa Vignettes. Umbali huo ni kama toka kanisa hata shule katika misioni nyingi. Tangu siku hiyo watu wanaongojea Vignettes hali ya hewa nzuri, hata siku mbili, hawachekwi na mtu.

Siku ya mwisho ni ndefu kupita zote. Kuna milango mitatu: Col de l'Évêque, Col du Mont Brulé na Col de Valpelline, mita 3568. Kushoto kwa mlango huu wa tatu unashuka mto wa barafu wa Mont Miné, ambao watu wa Uswisi hawausahau. Wakati wa vita kuu, mwaka 1943, jeshi la Uswisi lilianza kushindanisha askari wake watatu watatu, toka Zermatt hata Verbier, zaidi ya kilomita 50, njia ambayo watu wengine huipita kwa siku nne. Mwezi wa Aprili 1949 watatu wa Orsières, wazoefu wa milima tangu utoto, walitumbukia katika ufa wa Mont Miné. Hakuna aliyewaona. Walipatikana baada ya siku nane, wamekufa. Serikali ikakataza mashindano hayo, na hayakurudi hata mwaka 1984.

Msafiri akikanyaga Col de Valpelline, huona mbele yake Matterhorn, mita 4478, mlima wa pembe nne uliosimama peke yake kama ncha ya mkuki. Wengi wameona picha yake tangu shuleni, lakini hunyamaza wote. Halafu kamba hufungwa tena, kwani mteremko wa Stockji umejaa nyufa, na kiongozi hupita kati yake kama mwenye mtumbwi apitaye kati ya mawe.

Chini, barafu ya Zmutt imefunikwa na mawe, na pande zote mbili kuna kuta za changarawe zilizo juu sana kupita vichwa vya watu. Zamani barafu ilijaa hata juu ya kuta hizo. Imeshuka kwa sababu hewa ya dunia inazidi kuwa na joto. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu ya Uswisi ilipungua sehemu moja katika kumi. Miaka mingine wasafiri huvua ski mapema hapa na kuzibeba begani juu ya mawe.

Jioni huingia Zermatt, wamechoka, midomo imepasuka kwa jua na baridi. Mji huo haukubali magari ya petroli, na njia zake ni tulivu. Hupita karibu na kanisa la Mtakatifu Maurisi, ambapo pana makaburi ya wapanda milima. Wengine huweka ski ukutani, huvua kofia, husoma majina mawili matatu. Kisha huenda kutafuta supu ya moto.